Fundi Simu si Mhalifu: Sheria Imuoneshe Njia

Kila simu ya mkononi ina namba yake ya utambulisho yenye tarakimu 15, tunayoiita IMEI. Bonyeza *#06# sasa hivi nayo itajitokeza kwenye kioo. Tarakimu nane za mwanzo hueleza aina ya simu, sita zinazofuata huitofautisha simu hiyo na nyingine za aina yake, na ile ya mwisho huhakiki kwamba zilizotangulia zimeandikwa sawasawa. Serikali huitambua simu kwa namba hii kama inavyolitambua gari kwa namba ya chesesi. Ndiyo maana Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 iliweka rejesta kuu ya namba hizo na kufanya kuzibadilisha kuwa kosa la jinai. Na ndiyo maana mwezi Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, ilizizima simu ambazo namba zake zilikuwa za bandia, kama Kenya ilivyokuwa imefanya mwaka 2012. Wengi wetu tunakumbuka zile wiki za kutuma namba kwenda 15090 tukisubiri kuambiwa kama simu zetu zitaiona kesho.

Sina ugomvi na sheria hiyo. Simu iliyoporwa kwa mtu kituoni isipate pa kufanya kazi, na anayeipaka utambulisho mpya ili iuzwe tena ajibu mbele ya hakimu. Ugomvi wangu ni na namna tunavyoisimamia. Tunaisimamia kana kwamba mtu anayegusa programu ya ndani ya simu ni mmoja tu, naye ni mwizi. Tumemsahau fundi, na kwa kumsahau yeye tumejisahau wenyewe, kwa kuwa ni wachache miongoni mwetu ambao simu zao hazijapita mikononi mwake.

Mtaa ninaoufahamu vizuri ni Mikocheni. Wasioujua huudhania kuwa mtaa wa kuta ndefu, mageti ya chuma na ofisi za mashirika. Lakini ukitembea kwa miguu kandokando ya Barabara ya Mwai Kibaki, ambayo wenyeji wa zamani bado wanaiita Old Bagamoyo, kisha ukaingia ndani kuelekea kwa Warioba au ukakata kwenda Mwenge, utaviona vibanda. Kila kimoja kina meza ya kioo iliyojaa makava na chaja, na nyuma ya meza hiyo ameketi kijana mwenye kompyuta mpakato iliyochakaa na rundo la waya. Wateja wake ni dereva wa bodaboda, mama lishe, dada wa kazi, mlinzi wa geti, mwanafunzi wa chuo na, bila kutangaza, hata bwana mwenye geti lenyewe. Kwa kawaida kijana huyu hana leseni wala cheti, na bima ndiyo kabisa hajaiwaza. Ana ujuzi alioupata kwa kukaa pembeni ya fundi mwingine miezi kadhaa, na ana intaneti.

Kazi yake moja kubwa ni kuflashi. Neno hili tunalitumia kila siku bila kujiuliza maana yake, na kwa kuwa hoja yangu yote inasimama juu yake, naomba tulifafanue.

Ndani ya simujanja mna kumbukumbu iliyogawanywa katika vyumba. Chumba kimoja kina programu ndogo inayoamka kwanza unapowasha simu. Kingine kina kiini cha mfumo, kingine mfumo wenyewe wa Android, na kingine kina vitu vyako: picha, ujumbe, namba za ndugu na marafiki. Pembeni kabisa kuna chumba kidogo chenye utambulisho wa simu na vipimo vya redio yake. Humo ndimo inamokaa IMEI. Jumla ya programu zilizowekwa na kiwanda katika vyumba hivi ndiyo fameweya, au kama mafundi wanavyosema kwa mkato, "faili la simu". Programu hizo zikiharibika, simu hukwama kwenye nembo ya kampuni, huwaka na kuzima bila kikomo, au hulala moja kwa moja. Chuma ni kizima, kioo ni kizima, betri ni nzima, lakini simu haina akili.

Kuflashi ni kuiandika upya akili hiyo kutoka kwenye kompyuta. Kwa simu nyingi za bei nafuu, zile zenye prosesa ya MediaTek, fundi hutumia programu iitwayo SP Flash Tool. Huifungua, huionesha ramani ya vyumba vya simu ile, huchagua mafaili, hubonyeza kitufe, kisha huichomeka simu kwa waya ikiwa imezimwa. Mstari mwekundu hupita, kisha wa njano, na mwishowe hutokea alama ya kijani. Kwa simu za Samsung hutumika Odin, programu ambayo Samsung yenyewe haijawahi kuitoa rasmi kwa umma. Ilivuja kutoka ndani na sasa imo katika kompyuta za mafundi duniani kote. Nimesimama zaidi ya mara moja kwenye vibanda vya Mikocheni nikitazama kazi hii. Huchukua dakika chache na hugharimu shilingi elfu kumi au kumi na tano. Kwa mama lishe ambaye simu yake ndiyo pochi yake, dakika hizo ni tofauti kati ya kuendelea na biashara na kukopa ili anunue simu nyingine.

Sasa tufike kwenye mtego. Katika SP Flash Tool kuna machaguo matatu. La kwanza huandika mafaili mapya juu ya yale ya zamani bila kugusa vyumba vingine. La pili ni la kuhamia toleo jipya la mfumo. La tatu hufuta kila kitu kwanza, ndipo huandika. Simu iliyoharibika vibaya mara nyingi haikubali la kwanza, na fundi hujikuta analazimika kutumia la tatu. Lakini la tatu halichagui. Hufuta na kile chumba kidogo cha pembeni. Simu huwaka vizuri, inang'aa kama imetoka dukani, lakini ukibonyeza *#06# inakujibu kwamba IMEI ni batili. Haishiki mtandao. Haipigi wala haipokei.

Fundi mzoefu huhifadhi nakala ya chumba hicho kabla ya kufuta. Lakini nakala huchukuliwa kwenye simu inayokubali kusomeka, na si kila simu iliyokufa inakubali. Ikishindikana, kilichobaki ni kuirudisha IMEI kwa mkono: kuitazama namba iliyochapishwa kwenye kibandiko nyuma ya betri au kwenye boksi la simu, na kuiandika tena mahali pake. Hapo kijana wetu, ambaye dakika tano zilizopita alikuwa anaokoa mali ya mteja, anashika chombo kilekile anachokishika mwizi. Programu inayoandika namba halali ndiyo inayoandika namba ya uongo. Askari akiingia kibandani wakati huo, ataona nini? Ataona kompyuta, simu iliyofunguliwa na programu ya kuandika IMEI. Nia ya fundi haionekani kwenye kioo.

Katika vibanda vyote nilivyopita sijakutana na fundi aliyewahi kuoneshwa utaratibu ulioandikwa wa kurejesha IMEI ya simu iliyoipoteza kwa matengenezo. Kila mmoja anajua kwamba "kuchezea IMEI ni jela". Hakuna aliyeweza kuniambia aende dirisha gani, akiwa na karatasi gani, ili afanye kwa halali jambo ambalo mteja wake ana haki ya kulipata. Matokeo yake tunayajua. Wengine hukataa kazi, na simu nzima hutupwa. Tukumbuke kwamba taka za mji huu mwisho wake ni dampo la Pugu Kinyamwezi. Wengine huifanya kazi hiyo kwa kificho, usiku, bila kuandika popote. Na jambo halali likishafanywa kwa kificho, lisilo halali hupata pa kujificha.

Uingereza ilikutana na swali hili mapema. Sheria yake ya mwaka 2002 kuhusu kubadilisha programu za simu ilifanya kubadilisha IMEI kuwa kosa, lakini ndani ya kifungu hichohicho ikasema kwamba hatendi kosa mtengenezaji wa simu, wala yule aliyepewa idhini ya maandishi na mtengenezaji. Unaweza kusema mlango huo ni mwembamba, na ni kweli. Fundi wa kibandani hawezi kuupita. Lakini walau mtunga sheria alikiri kwamba mlango unahitajika.

Mtego wa pili hauhusu IMEI. Unahusu mahali mafaili yanakotoka. Siku moja nilimuuliza kijana mmoja, "Fundi, hili faili umelipata wapi?" Akanijibu bila kuinua macho, "Mwalimu, hili tumepeana kwenye grupu." Nikamuuliza kama anajua aliyeliweka kwenye grupu alilitoa wapi. Akacheka. Hakuwa mzembe. Kampuni iliyotengeneza simu ile haikuwa imeweka faili lake mahali ambapo yeye angeweza kulichukua. Anachoweza kupata ni kilichopakiwa na mtu asiyemjua, katika tovuti inayomtoza dola chache au inayomfunguliwa matangazo kumi kabla ya kumpa kiungo. Analichukua, analijaribu, likiamsha simu anamshukuru Mungu.

Je, kuna hatari gani katika faili la kuokota? Ngoja nitoe mifano ambayo imeandikwa na kujulikana. Novemba 2016 wataalamu wa kampuni ya usalama ya Kryptowire nchini Marekani walitangaza kwamba baadhi ya simu za Android zilizouzwa huko, zikiwemo za chapa ya BLU, zilikuwa na programu ya kampuni ya Adups ndani ya fameweya iliyokuwa ikituma ujumbe mfupi, orodha ya namba na kumbukumbu za simu zilizopigwa kwenda kwenye seva zilizopo China, bila mwenye simu kujua. Agosti 2020 ikaja zamu ya Afrika. Kampuni ya Upstream ilieleza kwamba ilikuta programu hasidi za Triada na xHelper katika simu za Tecno W2 zilizokuwa zikitumika Ethiopia, Cameroon, Misri, Ghana na Afrika Kusini. Programu hizo zilikuwa zikiwaunganisha watumiaji na huduma za kulipia ambazo hawakuziomba na kula vifurushi vyao. Transsion, kampuni mama ya Tecno, ilijibu kwamba kasoro hiyo iliingizwa na mzabuni katika mnyororo wa ugavi, kwamba yenyewe haikunufaika, na kwamba imekwisha kutoa marekebisho.

Sitoi mifano hii ili kuishtaki chapa fulani. Naitoa kwa sababu ya jambo moja kuhusu xHelper. Programu hiyo haikuondoka hata mtumiaji aliporudisha simu katika hali ya kiwandani, kwa kuwa ilijichimbia ndani ya chumba cha mfumo. Wataalamu wa Kaspersky walioichunguza mwaka 2020 walishauri kwamba dawa ya uhakika ni kuiflashi simu yote upya. Lakini palepale wakatahadharisha kwamba fameweya za baadhi ya simu za aina hiyo zenyewe huja zikiwa na programu hasidi, na katika hali hiyo kuflashi kwa faili hilohilo ni kazi bure.

Tuyaweke mambo haya mawili pamoja. Simu ya mwananchi ikishambuliwa kwa namna hiyo, wa kuiponya ni fundi simu. Na fundi huyo, kwa kukosa chanzo cha kuaminika, anaweza akaitia ugonjwa mpya akidhani anaitibu. Nchini mwetu M-Pesa iliingia mwaka 2008, na tangu Januari 2020 laini isiyosajiliwa kwa alama za vidole huzimwa. Simu imekuwa benki, kitambulisho na shahidi. Ikiwa ndani yake kuna faili lililookotwa, hilo ni suala la usalama wa umma. Haliwezi kuachwa liwe siri kati ya mteja na kibanda.

Najua yapo majibu mawili dhidi yangu, na yote mawili yanastahili kusikilizwa.

La kwanza ni la wizi. Wapo watakaosema tumtupe jongoo na mti wake: kuflashi kupigwe marufuku, maana ndiko simu za wizi zinakosafishwa. Ni kweli kwamba wapo mafundi wanaosafisha simu za wizi; wenzao wanawajua na hata sisi wateja tunawahisi. Tangu Android toleo la 5.1 la mwaka 2015, simu nyingi zina kinga inayodai akaunti ya mwenye simu baada ya kufutwa, na kuna watu ambao kazi yao ni kuivunja kinga hiyo. Lakini tujiulize marufuku ingemzuia nani. Anayesafisha simu za wizi tayari anafanya jambo lililokatazwa; ana programu zake na ana grupu lake, na tangazo jingine halitampunguzia usingizi. Atakayefunga kibanda ni yule anayeogopa sheria, yaani yule tunayemhitaji. Zaidi ya hapo, fundi mwema akiwa na daftari la kuandika kila IMEI iliyoingia kibandani, jina la aliyeileta na tatizo lake, ndiye angekuwa jicho la kwanza la polisi. Leo hawezi kuandika daftari hilo, maana lingekuwa ushahidi dhidi yake mwenyewe.

La pili ni la kampuni za simu. Zitasema fameweya ni siri ya biashara, na kwamba kuitoa ni kumpa kila mtu funguo za nyumba. Jibu langu ni kwamba Google, wenye Android yao, huweka hadharani mafaili kamili ya simu zao za Pixel, kama walivyofanya kwa zile za Nexus, kila faili likiwa na alama yake ya uthibitisho, na biashara yao haijafa kwa sababu hiyo. Tena kiini cha Android ni Linux, programu huria ambayo leseni yake humtaka anayeigawa ampe mpokeaji pia msimbo wake. Anayejenga nyumba yake juu ya msingi wa wengi hawezi kudai kwamba msingi nao ni siri yake. Na Umoja wa Ulaya umekwisha kulivuka swali hili: tangu tarehe 20 Juni 2025, anayeuza simujanja huko anatakiwa kutoa masasisho ya mfumo kwa muda usiopungua miaka mitano tangu aina hiyo ilipoacha kuuzwa, vipuri kwa miaka saba, na kuwapa mafundi wa kitaalamu, bila ubaguzi, programu na fameweya wanazozihitaji kubadilishia vipuri. Kampuni zinazouza Berlin na zinazouza Kariakoo kwa sehemu kubwa ni zilezile. Wanaoweza kutii huko, wanaweza kutii hapa.

Tufanye nini basi? Nina mapendekezo manne, na hakuna hata moja linalohitaji kuanzisha taasisi mpya.

Kwanza, TCRA ndiyo inayoidhinisha aina za vifaa vya mawasiliano kabla havijaingia sokoni. Sharti moja liongezwe katika uidhinishaji huo: anayeomba kuuza aina ya simu nchini aweke fameweya yake rasmi katika hazina ya wazi, pamoja na alama ya uthibitisho, na aitunze humo kwa miaka mitano baada ya kuacha kuiuza. Alama hiyo ni mfululizo wa herufi na tarakimu unaokokotolewa kutokana na faili lenyewe. Ukibadilisha hata herufi moja ndani ya faili, alama inayopatikana huwa nyingine kabisa. Kwa njia hiyo kijana wa Mikocheni, hata akilipata faili kwenye grupu, ataweza kulipima kwa dakika moja na kujua kama ni lile lililotoka kiwandani au limetiwa mkono.

Pili, kanuni itofautishe kurejesha na kubadilisha. Kurejesha ni kuiandika upya IMEI ileile iliyozaliwa na simu hiyo, kwa ushahidi wa boksi, kibandiko au risiti, baada ya kuhakiki kwamba namba hiyo haijaripotiwa kuibwa, na kwa kumbukumbu iliyoandikwa. Kubadilisha ni kuipa simu namba isiyo yake. La kwanza liwe huduma, la pili libaki kosa. Rejesta kuu ipo. Kinachokosekana ni dirisha la fundi kuiuliza na kuacha alama kwamba ameuliza.

Tatu, mafundi watambuliwe kwa gharama wanayoiweza. TCRA hutoa leseni za ufungaji na matengenezo ya vifaa vya mawasiliano, na VETA ina utaratibu wa kupima na kutoa vyeti kwa mafundi waliojifunza kazini bila kupita darasani. Tuviunganishe viwili hivyo. Fundi apimwe kwa vitendo: anajua kuchukua nakala kabla ya kufuta? Anajua kutofautisha yale machaguo matatu? Anajua kulipima faili? Akifaulu apewe cheti na namba ya kubandika kibandani, nasi wateja tujifunze kuiulizia.

Nne, siri za mteja. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamhusu kila anayekusanya au kuchakata taarifa za watu. Fundi anayekabidhiwa simu pamoja na neno lake la siri ameshika picha za familia, ujumbe wa benki na mazungumzo ya faragha ya mtu. Tume iliyoundwa na sheria hiyo iandike mwongozo mfupi, wa ukurasa mmoja, kwa Kiswahili kinachosomeka, wa kubandikwa ukutani: mteja aambiwe kabla kwamba kuflashi hufuta vitu vyake, aulizwe kama anataka vihifadhiwe, na nakala ikichukuliwa ifutwe anapokabidhiwa simu. Nawafahamu mabinti waliohangaishwa na picha zilizotoka kwenye simu walizoziacha kwa matengenezo. Hilo halitibiwi na ushauri wa kwamba wasipige picha.

Kuna anayeweza kusema kwamba haya ni mambo madogo mno kwa nchi yenye mijadala mikubwa. Mimi naona kinyume chake. Tumejenga huduma nyingi juu ya simu: malipo ya serikali, usajili, mikopo ya wanafunzi, hata taarifa za hospitali. Kila tunapohamishia huduma nyingine kwenye simu, tunamwongezea yule kijana wa kibandani jukumu bila kumwambia. Barabara ikijengwa tunamtaja mkandarasi na msimamizi wake. Hii nayo ni barabara, na anayeziba mashimo yake tunamtazama kama mtuhumiwa.

Kwa hiyo nina ombi kwa makundi matatu yanayosoma ukurasa huu. Wanafunzi wa sheria na wa kompyuta, kaeni meza moja: andikeni rasimu ya kanuni ya kurejesha IMEI, mmoja akiijua lugha ya bunge na mwingine akijua kile chumba kidogo kilipo. Wanaharakati wa haki za kidijitali, mnapotetea faragha dhidi ya dola, msiisahau faragha inayopotea juu ya meza ya kioo. Na ninyi watumishi wa umma, hasa mlio katika Wizara yenye dhamana ya mawasiliano, kanuni za sheria hii huandikwa na Waziri na hazisubiri Bunge. Sentensi moja inayosema kwamba kurejesha si kubadilisha ingetosha kuwatoa gizani maelfu ya vijana wanaofanya kazi halali kwa hofu. Iandikeni, kisha wekeni dirisha la kuitekeleza. Mwizi ataendelea kutafutwa kama kawaida. Fundi afanye kazi yake mchana.